Safu Tatu Nilizozificha

Nilifika Songea nikiwa nimebana cheti tumboni. Nilitokea Kahama, ambako nilikuwa karani wa ghala la pamba mpaka ghala lenyewe likakosa pamba. Nikapita Singida, Dodoma na Iringa, nikilala kwenye nyumba za wageni zenye shuka fupi kuliko mimi. Basi la mwisho nililipandia Makambako. Kwenye milima ya Lukumburu likaharibika, mvua ikaanza, tukashushwa wote. Wenzangu walikimbilia mizigo yao. Mimi nilikuwa na begi moja lenye suruali mbili, nikaliacha lilowe. Cheti changu cha kidato cha nne nilikifunga kwenye mfuko wa nailoni, nikakichomeka ndani ya shati, nikasimama nimejikunja kama mgonjwa. Mama mmoja aliyekuwa anarudi kwao Mbinga akaniuliza kama nina vidonda vya tumbo.

"Nina cheti, mama," nikamjibu.

Alicheka mpaka akasahau mvua. "Basi kaka, hicho kidonda kitunze."

Nawaandikia nyinyi makarani vijana mnaoingia kwenye masjala za shule na vyuo. Mtu wa miaka arobaini na sita kusema amestaafu ni kujipa cheo ambacho serikali haikumpa. Lakini kazi ya masjala nimeiacha na sitairudia, kwa hiyo naomba neno hilo nilitumie. Majina yote humu si ya wenyewe. Chuo sikitaji. Kwa nini nimeandika hivi, mtaona mwishoni.

Chuo kilikuwa cha ualimu, cha watu binafsi, na masjala yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya jengo la utawala, dirisha likitazama milima ya Matogoro. Aliyenipokea ni Mama Oresta, karani mkuu, Mngoni mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi. Kabla ya kupokea cheti changu alifuta mikono kwenye kanga yake. Akakishika kwa mikono miwili, akakisoma mbele, akakigeuza akasoma na nyuma ambako hakuna kitu. Kisha akanirudishia.

"Hiki usimwachie mtu yeyote, hata mimi. Nitolee nakala."

Nilianza kazi siku hiyohiyo, suruali ikiwa bado mbichi. Vifaa vilikuwa vichache. Kulikuwa na mashine ya kutoboa karatasi iliyokuwa inang'ata vidole, kamba za faili, mihuri miwili ambayo mmoja ulikuwa umepoteza herufi, na daftari kubwa la kutolea na kupokelea mafaili. Na kulikuwa na kitambaa. Kilikuwa nusu ya kitenge cha njano, chenye picha za ndege waliokwishapauka. Kila mlango ulipogongwa, Mama Oresta alikitupa kwanza juu ya mafaili yaliyokuwa wazi mezani, kikatulia, ndipo akasema karibu. Aliyeingia akiwa mwanafunzi, mwalimu au mkuu wa chuo, ilikuwa hivyo hivyo. Padri alipokuja kubariki ofisi, naye alikuta kitambaa kimeshatandikwa.

Siku ya kwanza nilicheka. Aliniangalia, akasema, "Vua shati."

"Mama?"

"Vua shati, kaa pale mlangoni, watu wapite."

Nilishika kifungo cha juu, sikukifungua.

"Hutaki. Basi na huyu hataki," akasema, akigonga faili lililokuwa chini ya kitambaa.

Fomu za afya hazikukaa kwenye mafaili kabisa. Mwanafunzi alijaza fomu yake, akaitia kwenye bahasha ya kaki, akaifunga kwa gundi mwenyewe na kusaini juu ya mfuniko, nusu ya sahihi huku na nusu kule. Bahasha ilikwenda kwenye kabati la chuma la matroni, na ufunguo alikuwa nao matroni peke yake. Sisi kwenye faili tuliandika maneno mawili tu: bahasha ipo. Mwanafunzi akizidiwa usiku, matroni alifungua ya kwake huyo mmoja, akasoma, akafunga upya.

Mwaka wangu wa pili alikuja bwana mmoja amevaa suti, akitaka kujua mwanafunzi fulani wa kike anaishi wapi. Alisema yeye ni mjomba wake. Mama Oresta akamkaribisha kiti, akamwagizia chai, akamuuliza habari za safari na za mvua. Kisha akamwambia, "Mjomba, andika barua hapa, mwenye jina akija nitampa. Akitaka, atakutafuta." Bwana yule alikunywa chai yote lakini barua hakuandika. Binti alipoambiwa alikaa chini sakafuni. Hakuwa na mjomba. Nakumbuka Mama Oresta hakusema "nilijua" wala neno lingine la kujisifu. Alilalamika tu kwamba mgeni amemaliza sukari.

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa. Mtu asisimame upande wako wa meza. Faili lisitoke bila sahihi, hata likiwa linakwenda chumba cha pili. Karatasi iliyoharibika haiwi ya kufungia karanga, inachomwa, na wewe unasimama hapo mpaka iishe.

Kwa miaka ile nilipanga chumba Lizaboni, nikapanda mparachichi uani. Mimi ni mtu wa kuhama. Tabora niliondoka, Kigoma niliondoka, Kahama ikaniondoa. Ule mparachichi ndio mti wa kwanza maishani mwangu niliokaa mpaka nikala matunda yake. Myajue hayo kabla ya kunihukumu kwa yanayofuata. Baada ya hapo hukumuni mtakavyo.

Mama Oresta alistaafu, kustaafu kwa kweli, kwa umri. Aliondoka kwenye bodaboda amebeba mwavuli wake, na kitambaa akaniachia mimi. Mwaka uliofuata tukapata mkuu mpya wa chuo. Alikuwa mtu wa haraka. Alitembea kama aliyeacha maji jikoni. Siku aliyoingia masjala aliona daftari letu akauliza kama ni la makumbusho.

Mimi kompyuta nilikuwa nimejifunza kwenye steshenari moja ya Mfaranyaki, jioni baada ya kazi, kwa hiyo kazi ya kuhamisha kumbukumbu ikaniangukia. Mkuu alitaka jedwali moja tu, wanafunzi wote na kila kitu chao humo.

"Na za afya, mkuu? Zipo kwenye bahasha."

"Karani, unataka kompyuta imfiche siri mwenye kompyuta?"

Matroni alibisha siku moja. Ya pili akaweka ufunguo mezani kwangu na kuondoka bila kuaga. Nilizifungua bahasha zote kwa rula, sahihi zikachanika katikati, nikajaza safu tatu: ugonjwa, dawa, na mtu wa kupigiwa akizidiwa. Ilinichukua siku mbili. Moyo ulikuwa haujatulia, lakini ndipo nikagundua kwamba kompyuta inaweza kuficha safu. Unabofya mara mbili, safu inatoweka, jedwali linabaki safi kama halijawahi kuwa na kitu. Nilifurahi kama mtoto. Nilijiona nimekipata kitambaa cha Mama Oresta ndani ya mashine. Nikazificha zile tatu, na kila jioni nilihakikisha zimefichwa, nikaenda zangu Lizaboni nikiwa mtu mwaminifu.

Wakati wa mazoezi ya kufundisha ulipofika, wazazi walitaka kujua watoto wao wamepangiwa shule zipi. Mkuu alikuwa anaingia kwenye gari. Akanionyesha saa yake kupitia dirishani.

"Tuma lile jedwali kwenye kundi la wazazi. Sasa hivi, karani, si kesho."

Kutengeneza orodha mpya yenye jina na shule tu kungenichukua dakika tano. Sikuzichukua. Nilituma jedwali lenyewe, safu zikiwa zimefichwa, nikatandaza kitambaa mezani, nikaenda kunywa chai.

Niliporudi simu ilikuwa inatetemeka juu ya meza. Mzazi wa kwanza aliandika: "Karani, habari za kazi. Mbona herufi za juu zinatoka F zinarukia J? G, H na I nazo zimekwenda mazoezini?" Watu wakacheka. Mwingine akasema huyo karani alisomea kuhesabu kwa vidole, tena vingine vimekatika. Kisha baba mmoja, fundi simu wa pale mjini, akaandika maneno ambayo nitakufa nayo: "Zipo. Zilikuwa zimelala. Nimeziamsha." Chini yake akaweka picha.

Nilifuta nilichotuma. Kilifutika kwangu. Kwa wengine kilikuwa kimeshapigwa picha, kimeshapelekwa kwa shangazi, na shangazi ana jirani.

Kati ya majina yale lilikuwepo la msichana nitakayemwita Mwanahawa, wa mwaka wa pili, wa kijiji kimoja upande wa Namtumbo. Ugonjwa wake siutaji. Umeshatajwa vya kutosha. Niseme tu kwamba haumwambukizi mtu, dawa zinautuliza, na watu wanauogopa kuliko simba. Kila Jumatatu alikuwa anapita dirishani kwangu: "Shikamoo karani. Barua yangu imefika, au imepitia Mbamba Bay kuogelea kwanza?" Alikuwa hapokei barua nyingi. Nadhani alipenda tu kuniona nikicheka.

Alikuwa amepangiwa shule ya msingi ya pale mjini. Siku ya nne ya mazoezi alikuja masjala na begi lake. Nilitupa kitambaa mezani kwa mazoea, yeye akakitazama.

"Shikamoo karani."

"Marahaba, mwanangu. Mbona na begi?"

"Nina swali moja. Ile bahasha niliifunga mwenyewe, nikasaini. Nani aliifungua?"

"Haya mambo ya mfumo, Mwanahawa..."

"Mfumo una mikono?"

Akanieleza kwa sauti ya kawaida, kama anayesimulia habari za mtu mwingine. Siku ya kwanza walimu walimtengea kikombe chake peke yake. Ya pili akaambiwa akae ofisini, asiingie darasani. Ya tatu kiti chake kikahamishiwa nje. Ya nne mwalimu mkuu akamwambia kwa upole kwamba wazazi wamekuja, yeye binafsi hana neno, lakini wazazi wamekuja.

"Nilikuwa nimeandaa somo la hesabu za sehemu," akasema. "Nilikuwa nimekata na maboksi ya kuonyeshea." Akaondoka kwenda kwao.

Wiki iliyofuata alikuja baba yake, Mzee Ausi, mkulima wa tumbaku, koti lake likinuka moshi. Alikuwa na kurasa za sheria ya kulinda taarifa za watu, zilizochapwa Mfaranyaki na kupigiwa mistari ya penseli na msaidizi wa sheria aliyemwelekeza. Aliketi mbele ya mkuu wa chuo, mimi nikiwa pembeni naandika kumbukumbu za kikao.

"Mimi sina maneno mengi," akasema Mzee Ausi. "Nataka mambo matatu. Mkiri kwa maandishi kwamba siri ya mwanangu imetoka kwenu. Mumlipe fidia kama sheria inavyosema. Na mumpeleke akamalizie mazoezi mbali, ambako hajulikani, awe mwalimu kama alivyokusudia. Kama lazima moja lipungue, lipungue la fidia, lisipungue la tatu."

"Mzee wangu, tumedukuliwa," mkuu akamjibu. "Hata mataifa makubwa yanadukuliwa."

"Kudukuliwa ndiyo nini?"

"Ni wizi wa kwenye kompyuta. Na sisi ni waathirika, kama wewe."

Mzee akanigeukia mimi, maana ni mimi niliyemsalimia mlangoni. Mimi niliinamisha kichwa nikaandika: tumedukuliwa.

Jioni mkuu alinipa karatasi iliyokwishachapwa, yenye jina langu chini. Ilisema mimi, karani wa masjala, nathibitisha kwamba taarifa ziliibwa na watu wasiojulikana. Mkataba wangu ulikuwa umebakiza miezi minane. Hakuutaja. Alizungusha kalamu tu akanipa upande wa kushikia. Nikafikiria stendi zote nilizowahi kulala. Nikafikiria mparachichi. Nikasaini.

Mzee Ausi alirudi baada ya wiki kadhaa kuchukua majibu. Alipewa barua pale mapokezi, akaileta moja kwa moja masjala. Miwani aliisahau nyumbani.

"Karani, nisomee. Humu ndani wewe ndiye mtu ninayemfahamu."

Nilisoma. Kufika katikati palikuwa na maneno haya: kwa mujibu wa maelezo ya karani wa masjala, taarifa ziliibwa, hivyo chuo hakiwajibiki kwa fidia. Niliyasoma. Ningeweza kuyaruka, hana miwani. Mpaka leo sijui ni nini kilichonishika.

"Karani wa masjala si wewe?"

"Ni mimi, mzee."

"Kumbe wewe ulimwona mwizi." Akasogeza kiti karibu. "Alikuwa na sura gani?"

Nje wanafunzi walikuwa wanaimba mazoezi ya kwaya. Mzee alingoja kweli, mikono juu ya magoti, kama mtu anayetaka kupeleka maelezo polisi.

"Hakuna mwizi," nikasema. "Bahasha nilizifungua mimi. Jedwali nilituma mimi."

Hakupiga kelele. Alisema, "Subhanallah," kisha akaniuliza kama nina karatasi nyeupe.

Niliandika maelezo mapya kwa mkono, kurasa tatu: nani aliagiza, nani alifungua, nani alituma na kwa simu ipi. Nyinyi vijana, mkiombwa maelezo, andikeni wenyewe kwa mwandiko wenu. Karatasi uliyochapiwa na bosi wako ina mdomo wake na sahihi yako. Mzee Ausi akayachukua, na malalamiko yakaenda Dodoma kwenye ofisi inayoshughulikia mambo hayo.

Mimi nikahamishiwa stoo, kuhesabu magodoro na viti vilivyovunjika miguu. Siku moja nilikutana na Mama Oresta sokoni Mfaranyaki, anachagua dagaa. Alikuwa amesikia yote. Nikajaribu kujitetea kwamba nilizificha safu, nilifunika kama alivyonifundisha.

"Kitambaa kilikuwa cha dakika mbili, mgeni akiwa ndani," akasema bila kuacha kuchagua. "Mgeni akitoka, faili linarudi kabatini, kabati linafungwa. Wewe ulishika kitambaa, kabati ukalisahau." Akalipia dagaa wake akaenda. Sikumfuata.

Majibu ya Dodoma yalichukua miezi. Yalipokuja yalimpa haki Mzee Ausi: chuo kilipe fidia, kiombe radhi kwa maandishi. Fidia ililipwa. Kuhusu jambo la tatu, mkuu alisema nafasi ya mazoezi ipo wakati wowote binti akiwa tayari. Na barua ya radhi iliandikwa vizuri sana, kwa karatasi yenye nembo. Nakala moja ilipelekwa Namtumbo. Nyingine ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo.

Niliiona siku ya tatu, maana mtu wa stoo hapiti huko. Jina kamili la binti, kozi yake, kijiji chake, na ugonjwa umetajwa mara mbili, katika sentensi ya kuomba radhi kwa kuutaja. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza, ambao hawakuwahi kumjua, walikuwa wanaisoma huku wanakula mihogo.

Nikaing'oa na pini zake. Mkuu alikuwa anapita.

"Karani, hilo ni tangazo la ofisi. Tumeagizwa kuomba radhi, tunaomba kwa uwazi."

"Mliagizwa kumwomba yeye, mkuu, si kumtangaza."

"Na wewe ndiye wa kunifundisha kutunza siri?"

Nikaikunja ile barua nikaitia mfukoni. Kabla ya saa za kazi kuisha nilipewa barua kwamba mkataba wangu hautaongezwa. Kesho yake nilifunga begi. Parachichi zilikuwa bado changa, nikamwachia mwenye nyumba. Kitambaa nilikikunja nikakiacha stoo juu ya magodoro. Ile barua ya ubaoni niliitia kwenye bahasha, nikaichomeka ndani ya shati, nikapanda basi la kwenda mashariki.

Nilishukia upande wa Namtumbo, nikatembea mpaka kwa Mzee Ausi. Alikuwa kwenye bani, kibanda cha kukaushia tumbaku, anachochea moto. Nikampa bahasha. Safari hii alikuwa na miwani.

"Ilikaa ukutani siku ngapi?"

"Tatu, mzee."

Aliikunja mara nne akaisukuma chini ya magogo. Tulisimama hapo wote wawili mpaka ikaisha.

"Harudi chuoni," akasema. "Nilimwambia nafasi ipo. Akaniuliza, ipo wapi ambako hawana simu?"

Mwanahawa alitokea shambani na fungu la majani ya tumbaku kichwani. Alilitua, akajifuta mikono, akanitazama.

"Bado unaandika, karani?"

"Nafikiria kuwaandikia makarani vijana. Wasifanye nilichofanya."

"Waandikie wewe ulifanya nini. Mimi nitoe."

"Bila wewe hawataelewa ilikuwa na ubaya gani."

"Basi nipe jina ambalo si langu. Na ugonjwa wangu uniachie mwenyewe."

Nikamwahidi. Akainama, baba yake akamsaidia kujitwisha, akaingia ndani ya bani kwenye moshi.

Nilirudi barabarani kungoja basi la Tunduru. Marahaba nilikuwa nimeiandaa tangu niliposhuka, nikiwaza namna ya kuitikia shikamoo yake. Niliondoka nayo.